Mpelelezi wa Hadithini na Fikira za Watu juu ya Akili

Msomaji wa hadithi za upelelezi huzisoma kwa hamu ya kumjua mwuaji. Lakini aghalabu huondoka na kitu kingine asichokitafuta, nacho ni sura ya mtu mwenye akili: mpweke, mkali wa ulimi, ajuaye kila jambo ila namna ya kukaa na wenziwe. Chimbuko la sura hii lafaa kuchunguzwa, maana siku hizi imekuwa kipimo wanachopimiwa watu walio hai.

Mnamo mwaka 1841 Edgar Allan Poe wa Marekani alimtunga Dupin, mkazi wa Paris aliyefunga madirisha mchana na kutembea usiku. Mwaka 1887 akatokea Sherlock Holmes, aliyetungwa na Arthur Conan Doyle wa Uingereza. Huyu aliweza kupambanua aina 140 za majivu ya tumbaku, lakini alidai hajui kwamba dunia hulizunguka jua; na kazi ilipokosekana alijidunga kokeini.

Ajabu ni kwamba mtu aliyempa Doyle mfano wa akili hiyo hakuwa mpweke hata kidogo. Alikuwa Joseph Bell, daktari mpasuaji wa Edinburgh, aliyemfundisha Doyle udaktari. Siku moja aliletewa mgonjwa asiyemjua, naye akamwambia kwamba alikuwa askari wa kikosi cha Uskoti, mwenye cheo kidogo, aliyekaa Barbados. Yote yalikuwa kweli. Kisha Bell akawaeleza wanafunzi wake: mtu huyu ana adabu, lakini hakuvua kofia, na askari hawavui, anajibeba kama mtu aliyezoea kuamrisha, na ni Mskoti dhahiri, tena ugonjwa wake ni matende, ambayo hayapatikani Uingereza bali katika visiwa vile. Hapo hapana muujiza. Kuna macho yaliyozoezwa, na mwalimu aliyetaka wanafunzi wake nao waone.

Basi upweke wa Holmes ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka katika ufundi wa kusimulia. Karibu hadithi zake zote 60 husimuliwa na rafiki yake, Dakta Watson, ambaye huona yale yale aonayo Holmes na asiambulie kitu. Kama msomaji angeingia moyoni mwa Holmes, fumbo lingefumbuka katika ukurasa wa pili. Kwa hiyo moyo huo sharti ufungwe, na mtu aliyefungwa moyo huonekana baridi. Ubaridi wake, basi, ni kitasa alichokitia mtunzi mlangoni, lakini wasomaji wameudhania kuwa ndiyo gharama ya akili.

Kwamba gharama hiyo si ya lazima, fasihi ya Kiswahili ina ushahidi wake. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimtoa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Kiko chake kinamkumbusha msomaji Holmes, na rafiki yake Najum anamkumbusha Watson. Hata hivyo Bwana Msa ni mtu wa mazungumzo, tena hukaa na watu.

Usonji ulielezwa na Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger huko Vienna mwaka 1944. Doyle alikuwa amekwisha kufa tangu 1930. Hata hivyo wasomaji na watengenezaji wa filamu wamerudi nyuma na kumpa Holmes jina la hali hiyo. Katika mchezo wa televisheni wa Uingereza wa mwaka 2012, Watson mwenyewe analitaja jina la Asperger juu ya rafiki yake.

Haifai kusema kwamba jambo hili ni hasara tupu. Mtoto anayechekwa kwa kupenda ratiba za treni kuliko mpira hupata shujaa anayefanana naye. Lakini mzazi wa mtoto mwingine huulizwa na jirani, kwa nia njema kabisa, kipaji cha mwanawe ni kipi. Wengi wenye usonji hawana kipaji cha kustaajabisha. Wengine hawasemi, na huhitaji msaada wa kila siku. Wengi huhisi sana, ila hawalionyeshi jambo hilo kwa njia iliyozoeleka. Wasichana nao hucheleweshwa kutambuliwa, na kwa sehemu ni kwa sababu sura iliyo vichwani mwa watu ni ya mwanamume.

Mwaka 2003 Mark Haddon alitunga riwaya ya mvulana wa miaka 15, hodari wa hesabu, anayepeleleza kifo cha mbwa wa jirani. Jina la riwaya hiyo lilichukuliwa katika hadithi moja ya Holmes. Wasomaji waliipokea kama maelezo ya usonji, na wengi wakataka kumjua kila mtoto mwenye hali hiyo kwa kumtazama yule mmoja. Lakini ndani ya hadithi yenyewe, tangu mwanzo hata mwisho, mvulana huyo hakupewa jina la hali yoyote.