Tunda, Kibombo na Kindu: Makazi bora hayajengwi na mji mmoja peke yake

Anayetaka kujenga nyumba ya matofali na mabati katika mji mdogo wa Tunda, jimboni Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haanzi na mchoro wa nyumba wala bei ya kiwanja. Anaanza na swali la njia: mfuko wa saruji utapita wapi hadi ufike?

Tunda iko katika wilaya ya Kibombo, kusini magharibi mwa Kindu, upande wa kuelekea mpaka wa jimbo la Sankuru. Bandari ya mto iko Kindu. Reli inapita Kibombo lakini haifiki Tunda. Kinachobaki ni barabara ya udongo, na juu yake baiskeli zilizosheheni mizigo, pikipiki na, mvua zikikoma, gari moja moja. Kila daraja la miti linaloanguka njiani linapandisha bei ya saruji, msumari na bati. Daraja hilo mara nyingi haliko katika eneo la yule anayejenga. Liko kwa jirani yake.

Hapo ndipo suala la makazi Maniema linapogeuka kuwa suala la ujirani. Mji mmoja unaweza kuwa na udongo mzuri, mafundi na watu wenye ari, lakini nyumba zake zikabaki za fito na majani kwa sababu barabara iliyoharibika iko kwa mwingine.

Mji mmoja, kingo mbili

Kindu, makao makuu ya jimbo, ni mfano wa karibu. Mji huo una komini tatu: Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa mto Kongo, ambao wenyeji wengi wa huku wanauita Lualaba. Alunguli iko ukingo wa kulia. Hakuna daraja kati yao. Watu na mizigo huvuka kwa mitumbwi, mashua za injini na kivuko.

Ofisi za jimbo, kituo cha reli na uwanja wa ndege viko ukingo wa kushoto. Barabara za kwenda Kasongo na Kalima zinaanzia ukingo wa kulia. Kwa hiyo Alunguli ni mlango wa chakula na bidhaa zinazotoka mashariki, wakati huduma nyingi ziko ng'ambo. Familia inayotafuta kiwanja inajikuta ikipima mambo mawili: kubanana upande wa kushoto karibu na kazi na huduma, au kupata nafasi upande wa kulia na kulipa nauli ya kuvuka kila siku.

Mmomonyoko wa udongo nao hauheshimu mipaka ya komini. Kindu ni miongoni mwa miji ya Kongo inayoliwa na makorongo. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mapaa na barabara za mtaa wa juu, yasipopata mfereji, hushuka kwa kasi na kuchimba udongo mtaa wa chini. Mtaa wa juu hauoni hasara, na mtaa wa chini unapoteza nyumba. Mtaa wa chini ukichimba mfereji peke yake, maji bado yanakuja. Dawa ni mfereji mmoja unaoanzia juu na kuishia mtoni, ukijengwa na kusafishwa na wote.

Udongo, fito na mabati

Nyumba za vijijini na hata za mitaa mingi ya miji ya Maniema bado ni za potopoto: fito zilizofungwa kwa kamba za msituni, udongo uliokandikwa kwa mikono na paa la majani au nyasi. Nyumba hiyo ina faida zake. Vifaa vinapatikana karibu, gharama ni ndogo na majirani wanaweza kuisimamisha kwa siku chache. Lakini paa linahitaji kubadilishwa mara kwa mara, mchwa wanakula fito, na mvua kubwa inaosha kuta.

Hatua inayofuata kwa wenye uwezo ni tofali la kuchoma. Udongo upo, na mafundi wa tanuri wapo. Ila tanuri linakula kuni nyingi, na kadiri mji unavyokua ndivyo miti inavyosogea mbali. Mwenye kujenga mjini anakata msitu wa kijiji jirani, na kijiji hicho ndicho kinachobaki kutembea mwendo mrefu kutafuta kuni za kupikia.

Ziko njia za kupunguza mzigo huo. Nchini Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukieneza matofali yanayofungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa kuchanganya udongo na saruji kidogo bila kuchomwa. Mashine ya namna hiyo ni ghali kwa familia moja, na kwa kijiji kimoja inaweza kukaa bila kazi sehemu kubwa ya mwaka. Lakini ikimilikiwa na miji mitatu au minne, ikahama kwa zamu msimu wa kiangazi, hesabu yake inabadilika. Hapo inahitajika saruji kiasi tu, na saruji inarudisha mjadala palepale: barabara.

Sheria inaruhusu nini

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inaitambua miji, komini, sekta na machifu kama mamlaka zinazojitawala kwa mambo yao ya ndani. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikafafanua muundo wao, na inatambua kwamba mamlaka hizo zinaweza kuunganisha watumishi, fedha na utaalamu wao ili kuendeleza maeneo yao. Kwa majimbo, kifungu cha 199 cha katiba kinasema wazi kwamba majimbo mawili au zaidi yanaweza kukubaliana kuratibu sera zao na kusimamia huduma fulani kwa pamoja. Kwa Tunda, iliyo upande wa mpaka, kifungu hicho kina uzito: barabara ya kuelekea Sankuru haiwezi kuwa na maana ikitengenezwa upande mmoja na kuachwa upande wa pili.

Ugumu uko kwenye fedha. Kifungu cha 175 cha katiba kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa kwao, na sehemu ya fedha hizo inapaswa kushuka hadi kwenye komini, sekta na machifu. Kwa miaka mingi malalamiko ya majimbo yamekuwa yaleyale: fedha zinachelewa, zinapungua au hazifiki. Sekta isiyo na uhakika wa mishahara ya watumishi wake haiwezi kwa urahisi kumwahidi jirani kwamba itachangia daraja.

Kuna pia suala la uwakilishi. Katika uchaguzi wa Desemba 2023, wapiga kura wa komini za miji mikuu ya majimbo walichagua madiwani. Wakazi wa sekta na machifu hawakupata nafasi hiyo. Kwa maneno mengine, mkazi wa Kasuku ana diwani wa kumuuliza kuhusu mfereji, lakini mkazi wa Tunda hana diwani wa kumuuliza kuhusu daraja. Makubaliano kati ya pande hizo mbili yatakuwa na upande mmoja wenye wa kumwajibisha na mwingine usio naye.

Mpango wa Maendeleo ya wilaya 145, ulioanzishwa na serikali ya Rais Félix Tshisekedi kwa bajeti ya takriban dola bilioni 1.6, ulilenga kupeleka shule, vituo vya afya, majengo ya utawala na barabara hadi vijijini. Kibombo ni mojawapo ya wilaya hizo. Wazo hilo lilipokelewa kwa matumaini. Lakini kwa kuwa hesabu yake ni ya wilaya kwa wilaya, kile kilicho kati ya wilaya moja na nyingine kinaweza kukosa mwenyewe. Jengo linaweza kusimama mahali ambapo wagonjwa wa kijiji cha jirani hawawezi kufika kwa sababu ya mto mdogo usio na daraja.

Sekta ya afya ilishatangulia

Kuna eneo moja ambako mipaka ya utawala haikupewa neno la mwisho. Maniema ina wilaya 7, lakini ina kanda 18 za afya. Kanda hizo zilichorwa kwa kuangalia hospitali iko wapi na watu wanaweza kuifikia vipi. Wilaya ya Kibombo peke yake ina zaidi ya kanda moja, na Tunda ni kanda yenye hospitali yake kuu. Mji wa Kindu nao umegawanywa kati ya kanda ya Kindu na kanda ya Alunguli, kwa sababu mto ni kizuizi halisi kwa mama anayeshikwa na uchungu usiku.

Tunda yenyewe inafahamika kwa kazi hiyo tangu zamani. Misheni ya Kimethodisti iliyojengwa huko katika miaka ya 1920 ilikuwa ndugu wa misheni ya Wembo Nyama, iliyoanzishwa mwaka 1914 katika eneo ambalo leo ni Sankuru. Walimu, wauguzi na wanafunzi wamepita njia hiyo kwa vizazi kadhaa, huku majina ya majimbo yakibadilika juu yao. Maniema ilipotengwa na Kivu na kuwa jimbo mwaka 1988, uhusiano wa watu wa pande hizo ulikuwa umeshakomaa.

Somo la afya ni rahisi kulihamishia kwenye makazi. Badala ya kuuliza wilaya hii inahitaji nini, swali linakuwa: watu wanaotumia barabara hii moja, soko hili moja na mto huu mmoja wanahitaji nini kwa pamoja?

Majirani wengine walivyofanya

Dar es Salaam inapata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mto Ruvu, ulioko mkoa wa Pwani. Badala ya kila mji kuwa na mamlaka yake, DAWASA inahudumia Dar es Salaam pamoja na Kibaha na Bagamoyo. Nchini Kenya, kaunti sita za Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zimeunda Jumuiya ya Kaunti za Pwani ili kupanga maendeleo kwa sauti moja, ingawa kila moja ina gavana na bajeti yake.

Hata Kongo ina mfano wake. Mwaka 1983, Zaire ya wakati huo, Rwanda na Burundi ziliunda kampuni ya SINELAC kusimamia umeme wa mto Ruzizi. Uhusiano wa nchi hizo umepita katika vipindi vigumu, vikiwemo vya vita, lakini kituo cha Ruzizi II hakikugawanywa vipande vitatu. Kilibaki kimoja kwa sababu kila upande ungepoteza kama kingevunjwa.

Mifano hiyo inafanana kwa mambo matatu. Makubaliano yaliandikwa. Mchango na haki ya kila upande vilijulikana. Na iliwekwa ofisi ya kudumu inayoamka kila asubuhi na kazi hiyo, hata viongozi wanapobadilika.

Likelemba ya miji

Watu wa Maniema hawahitaji kufundishwa ushirikiano. Salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha na kutengeneza njia, inajulikana kila mtaa. Likelemba, ambapo wanachama huchanga na mmoja kupokea kwa zamu, imeezeka mapaa mengi ya mabati katika mitaa ya Kongo. Kinachokosekana ni kuipandisha likelemba hiyo kutoka kwa majirani hadi kwa miji.

Msimu wa kiangazi kusini mwa Maniema, takriban Juni hadi Agosti, ndio wakati wa kujenga. Komini tatu za Kindu na sekta za Kibombo zingeweza kuanza na kazi moja kila msimu: mwaka huu madaraja ya kwenda Tunda, mwaka ujao mfereji wa korongo moja Kindu, mwaka wa tatu gati za kuvukia upande wa Alunguli. Swali gumu ni nani aanze kupokea, maana anayengoja zamu ya mwisho ndiye anayebeba hofu ya kutolipwa. Ndiyo maana kazi ya kwanza inapaswa kuwa ndogo, ya kumalizika msimu mmoja, na hesabu zake kubandikwa sokoni na kanisani, msikitini na kwenye ofisi ya sekta.

Muda hauko upande wa wanaosubiri. Vita vya Kivu vimesukuma familia nyingi kuelekea Maniema, na wengi wao wamepokelewa katika nyumba za wenyeji, si katika kambi. Nyumba ya vyumba viwili inayolala familia mbili inachakaa haraka, choo kinajaa haraka, na kisima kinagombaniwa. Mji unaopokea wageni leo bila mpango utakuwa na makorongo na mitaa ya kubanana kesho, na majirani zake wataletewa sehemu ya mzigo huo wapende wasipende.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Tunda ina hospitali, Kibombo ina reli, Kindu ina bandari na ofisi, Alunguli ina mlango wa mashariki. Hakuna hata mmoja kati yao aliye na vyote. Siku saruji itakapofika Tunda kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuilipa, itakuwa imepita mikononi mwa wote wanne.