Kizigua kilivyowatambulisha ndugu wa Handeni waliopotelea Somalia

WAKIMBIZI waliokimbia vita nchini Somalia, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, walipofikishwa kambi ya Mkuyu wilayani Handeni, wenyeji walipigwa na butwaa. Baadhi ya wageni hao walikuwa wakizungumza Kizigua. Hawakujifunza njiani, walizaliwa nacho katika bonde la Mto Juba, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapo.

Walifikaje huko? Masimulizi ya wazee wa pande zote mbili yanaanzia kwenye njaa kuu ya miaka ya 1830. Mwanahistoria James Giblin, aliyewahoji wazee wa Handeni mwanzoni mwa miaka ya 1980, ameeleza jinsi wakulima wa Uzigua walivyotegemea akiba ya chakula ya wakubwa wao katika nchi ambayo mvua zake haziaminiki. Akiba ilipokwisha, mtu aliwekwa rehani ili wengine wale. Walioshuka pwani kutafuta chakula waliuzwa, na wengine, kwa mujibu wa masimulizi ya Juba, walidanganywa kuwa wanapelekwa kwenye kazi. Majahazi yaliwashusha katika bandari kama Barawa, wakaishia mashambani.

Walitoroka. Masimulizi hayo humtaja mwanamke aliyeitwa Wanankhucha, aliyewaongoza watoro kwa nia ya kurudi kwao. Ardhi ikatetemeka, wakaichukulia kuwa ishara ya kutoendelea na safari, wakaweka makazi katika misitu ya Gosha, kandokando ya Juba.

Hapo ndipo isimu inapoingia, maana masimulizi peke yake yanaweza kutiliwa shaka. Kizigua, Kinguu, Kibondei na Kisambaa ni lugha za kundi moja ambalo wanaisimu huliita Seuta. (Watu wa Tanga hawakuhitaji chuo kikuu kulijua hilo, neno lao “Boshazi” limewaunganisha Wabondei, Wasambaa na Wazigua.) Kiswahili ni jirani wa kundi hilo, lakini kimedondosha sauti ya “l” katika maneno mengi ya kale. Mswahili husema njaa, Mzigua husema nzala. Hata jina lenyewe ni hivyo: sisi tunasema Wazigua, wao hujiita Wazigula.

Watu wa Juba nao hujiita Wazigula. Kama lugha yao ingetokana na Kiswahili walichokisikia bandarini, “l” hiyo isingekuwapo, kwa sababu sauti iliyokwisha kudondoka haijirudishi yenyewe mahali pake. Lazima waliondoka nayo nyumbani. Kwa mwandishi huyu, ushahidi huo una uzito kuliko hati yoyote ya mfanyabiashara wa watumwa.

Swali gumu zaidi ni kwa nini lugha hiyo haikufa. Watumwa wengine waliopelekwa Somalia, wakiwamo Wayao na Wamakua, wajukuu wao wengi leo huzungumza lugha za Kisomali. Maelezo yanayoaminika ni kwamba Wazigua walipelekwa wengi kwa pamoja, wakatoroka wangali wanaikumbuka lugha yao, kisha wakaishi peke yao msituni. Lugha haihitaji shule ili idumu. Inahitaji watoto wanaosemeshwa kwayo.

Ukoo huo ulikuwa na maana kubwa katika karne hii. Kutoka Mkuyu wakimbizi walihamishiwa makazi ya Chogo, humo humo Handeni, wakapewa mashamba. Serikali ya Tanzania ilikubali kuwapa uraia wale walioutaka, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya 1,500 walikuwa wameupata. Kwa jirani zao wa Handeni na Korogwe, hao ni watani na wakwe.

Wenzao waliokimbilia kambi za Kenya walichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 2003 Marekani iliwapokea Wabantu wa Somalia wapatao 12,000, wasemaji wa Kizigula wakiwa miongoni mwao.