Nani Atamhoji Mtumishi wa Mungu?

Machi 2023 polisi wa Malindi, nchini Kenya, walimkamata mhubiri Paul Mackenzie kufuatia vifo vya watoto wawili, waliodaiwa kunyimwa chakula na wazazi wao kwa jina la imani. Mahakama ilimpa dhamana ya shilingi 10,000, akaenda zake. Wiki chache baadaye polisi waliingia msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, wakawakuta waumini wake wamebaki mifupa na ngozi, wengine hawana nguvu hata ya kusimama, na makaburi ya kina kifupi yametapakaa vichakani. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400.

Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi, alianzisha Good News International Church mwaka 2003. Lilikuwa kanisa lake mwenyewe. Hapakuwa na askofu wala sinodi juu yake. Mwaka 2017 alishtakiwa kwa mahubiri ya kuwatoa watoto shuleni, kesi ikaisha bila kumtia hatiani. Mwaka 2019 alifunga kanisa na kuhamia msituni, kwenye eneo la ekari zipatazo 800. Wafuasi wakauziwa viwanja humo, na makazi yao yakapewa majina kama Bethlehemu, Nazareti na Yudea.

Mafundisho yake, yakitazamwa moja moja, yanaonekana ni itikadi kali tu. Yakipangwa pamoja yanaonyesha jambo zito zaidi: kila amri ilimwondoa shahidi mmoja. Mtoto akiacha shule, hakuna mwalimu wa kuuliza mbona hajaonekana wiki nzima. Mgonjwa asipopelekwa hospitali, hakuna daktari atakayeona mbavu zilizotokeza. Mtu akiuza nyumba yake mjini na kununua kiwanja msituni, jirani wa kugonga mlango hayupo tena, na pa kurudi hapana. Ilipofika siku ya kuambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu, aliyebaki wa kuwaona ni yuleyule aliyetoa amri. Na si wote waliokufa kwa njaa. Uchunguzi wa madaktari wa serikali ulikuta dalili za kunyongwa na kuzibwa pumzi katika baadhi ya miili, ikiwemo ya watoto.

Mackenzie na wenzake walikana mashtaka, yakiwemo ya kuua watoto 191. Ndugu za marehemu walisubiri karibu mwaka mzima vipimo vya vinasaba kabla ya kuanza kukabidhiwa miili, Machi 2024.

Mara nyingi lawama huishia kwa makanisa madogo ya mitaani. Huko ni kujidanganya. Novemba 2024 Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo, alijiuzulu baada ya ripoti huru kuonyesha kwamba alipojulishwa mwaka 2013 habari za wakili John Smyth, aliyewapiga na kuwadhalilisha wavulana Uingereza na baadaye Zimbabwe, hakufuatilia ipasavyo. Kanisa la Uingereza lina sinodi, mawakili na kumbukumbu za karne nyingi, lakini heshima ya wakubwa ilitangulia kilio cha watoto.

Baada ya Shakahola, Rais William Ruto aliunda kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kupendekeza namna ya kusimamia dini. Haikuwa mara ya kwanza: kanuni za mwaka 2016 ziliondolewa viongozi wa dini walipozipinga. Rwanda ilipitisha sheria mwaka 2018 iliyomtaka kiongozi wa dini awe na shahada na elimu ya dini. Sharti hilo huwavutia wengi, ila Kanungu, nchini Uganda, inalikanusha. Mamia ya wafuasi wa kundi moja la kidini waliteketea kanisani huko tarehe 17 Machi 2000, na mmoja wa viongozi wa kundi lile, Dominic Kataribabo, alikuwa padri aliyesoma chuo kikuu Marekani.

Kumpa msajili rungu zito nako kuna hatari yake. Juni 2025 serikali ya Tanzania ililifutia usajili kanisa la Josephat Gwajima, siku chache baada ya askofu huyo kukemea hadharani utekaji wa raia. Chombo kinachoweza kumnyamazisha mhubiri anayeitia serikali aibu si ulinzi wa muumini.

Ulinzi wenyewe uko karibu zaidi, na mwingi umeshaandikwa kwenye sheria. Mtoto asiyeonekana darasani afuatiliwe nyumbani, hata baba yake akisema ni imani. Asizikwe mtu bila kibali cha mazishi. Sadaka na fungu la kumi vikaguliwe na mtu asiyelipwa na mchungaji, na hesabu zisomwe mbele ya waliotoa. Katiba ya kanisa au msikiti itaje nani anaweza kumsimamisha kiongozi, na watu hao wasiwe mke wake na wanawe. Muumini akiuliza, asitishwe kwamba mpakwa mafuta haguswi.

Bila hayo, kumfunga mtu mmoja hakutoshi. Mwaka 2025, Mackenzie akiwa rumande, wachunguzi walirudi Kilifi na majembe, safari hii Kwa Binzaro, si mbali na Shakahola, wakafukua miili mingine zaidi ya 30.