Don Rickles, mtu aliyeishi kwa kutukana watu

Wandugu, wote tumeona jambo hili kwenye sherehe zetu za wanafunzi. Animateri anashika mikro, anamtania mwenzake juu ya kabila lake. Nusu ya chumba inacheka, nusu ingine inanyamaza. Utani unaishia wapi, tusi linaanzia wapi? Mimi niko mtu wa mashamba, lakini kuko Mmarekani mmoja ambaye maisha yake yanasaidia kufikiri.

Don Rickles alizaliwa New York tarehe 8 Mei 1926, katika familia ya Kiyahudi. Wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa jeshi la maji, kisha akasomea uigizaji. Kazi ya kuigiza ikawa ngumu kupata, njo akaanza kuchekesha watu katika nganda za usiku. Vichekesho alivyotayarisha havikuchekesha sana. Walevi walimkatiza, naye akawajibu palepale juu ya sura yao na mavazi yao. Watu wakacheka majibu kuliko vichekesho vyenyewe. Basi akaacha vichekesho, akabaki na majibu.

Mwaka 1957, huko Miami Beach, Frank Sinatra aliingia mahali Rickles alipokuwa anafanya kazi. Sinatra alikuwa mwimbaji mkubwa sana, na kila mtu alijua hasira yake. Rickles akamkaribisha: ajisikie kama kwake nyumbani, apige mtu. Sinatra akacheka, na tangu hapo akawa rafiki yake na kumletea wakubwa wengine. Mwaka 1959 Rickles alifika Las Vegas, na mwaka 1965 kwenye televisheni kwa Johnny Carson. Mwaka 1985, katika sherehe za Rais Reagan kuapishwa mara ya pili, alisimama mbele yake na kumuuliza kama anamwendea mbio sana. Reagan mwenyewe alicheka.

Kwa nini hawakumpiga? Mi naona ni juu ya mambo haya. Alimtukana mtu usoni, hakumsema nyuma. Alianza na wenye nguvu, na hakuacha mtu: Waitaliano, Weusi, Wapolandi, Wayahudi wenzake, hata yeye mwenyewe. Waliokaa mbele walilipa pesa wakijua kinachowangoja. Na mwisho wa onyesho alibadilisha sauti, akawaambia kwamba hana ubaya na mtu.

Sisi pia tuko na kitu kama hicho. Mjukuu anamwita babu yake bwana asiye na meno, babu anamwita mjukuu bibi mvivu asiyejua kupika, na hakuna anayekasirika, sababu kila mmoja anajua nafasi ya mwenzake na kesho watakula sahani moja.

Lakini kabila ni kitu kingine. Hapa Hombo tunapita wote barabara moja: Batembo, Banyanga, Bahunde, Bahutu, Batutsi. Mwaka 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, hapa hapa Walikale, na maneno yalitangulia mapanga. Mtu akisikia kwenye mikro «rudieni kwenu», hawezi kujua kama ni mchezo, hata kama anayesema anacheka. Watu wa Las Vegas walirudi kulala bila wasiwasi. Sisi tuko na watu ambao mpaka leo hawajarudi katika mashamba yao.

Hata Rickles utani wa rangi ulimshinda mara nyingine. Mwaka 2012 alimtania Rais Obama kama mfagiaji, na watu wengi hawakucheka. Alikuwa amezoea ukumbi wa zamani. Alikufa Los Angeles tarehe 6 Aprili 2017, akiwa na miaka 90. Watoto wengi wanajua paka sauti yake: njo ile ya kiazi chenye macho na masharubu katika filamu Toy Story ya mwaka 1995. (Mtu wa mashamba kama mimi, hapo nilifurahi.)

Animateri wetu anayetaka kumwiga, aanze na rais wa komite yetu. Huyo ana tumbo, ana mikutano isiyoisha, na viti vya mbele ni vyake kila siku.