Fahamu: Msitu wa Litipo na komba wa Rondo

Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki inatajwa kila mjadala wa mkaa na mashamba unapozuka. Watu hukumbuka Pugu au Arabuko-Sokoke. Litipo, karibu na Rutamba mkoani Lindi, husahauliwa, na si haki.

Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia mfano wa brashi ya kuoshea chupa. Mchana hulala, giza likiingia hushuka vichakani kutafuta wadudu. Wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 1997, na jina alipewa kutokana na uwanda wa Rondo, ambako mivule mikubwa ilivunwa sana enzi za mkoloni.

Wamwera, wenyeji wa eneo hili, ni wakulima: mihogo, ufuta, korosho. Anayewaita waharibifu wa msitu aulize kwanza mbao na mkaa huliwa na nani mjini.

Komba wa Rondo hapatikani nje ya Tanzania, na yumo hatarini kutoweka.