SOMO LA LEO: KUWINDA ILI KULA

Leo tuna swali gumu. Mtu akimwua mnyama wa porini ili watoto wake wapate kitoweo, je, amekosa?

Hapa Katavi swali hili si geni. Wapimbwe na Wakonongo waliwinda tangu zamani, kwa mitego na mikuki, na baadaye kwa gobore. Mwaka 1974 Katavi ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1998 ikaongezwa ukubwa. Ndani yake hakuna kuwinda. Nje yake, mwindaji sharti awe na leseni. Basi mzee wa Kibaoni ambaye babu yake alisifiwa kwa windo, leo akikamatwa na paja la pofu huitwa jangili. Ni neno zito kwa mtu mwenye njaa.

Sasa tutazame watu wa mbali, tupate kulinganisha. Huko Alaska, kaskazini kabisa ya dunia, bahari huganda kwa baridi. Mahindi hayaoti, wala muhogo. Wenyeji, yaani Wainuiti, huwinda nyangumi, mnyama wa baharini mwenye uzito kupita tembo kumi. Humchoma kwa chusa, humvuta juu ya barafu, na nyama hugawanywa kijiji kizima.

Mwaka 1977 tume ya mataifa inayosimamia uwindaji wa nyangumi iliwakataza. Ilisemekana nyangumi wale wamebaki wachache mno. Wazee wakabisha: ninyi mnahesabu wanaoonekana tu, na wengine hupita chini ya barafu! Wataalamu wakateremsha majini vyombo vya kusikiliza sauti. Kumbe wazee walisema kweli. Siku hizi wawindaji hupewa idadi yao, nao hawaruhusiwi kuipita.

Nionavyo mimi, mila peke yake isingewatosha. Walisaidiwa na hesabu. Mtego wa waya hauhesabu: hunasa hata jike mwenye mimba, na pengine mnyama huoza kabla mwenye mtego hajafika. Tena nyama inayopakiwa usiku kwenda kuuzwa mjini si kitoweo cha watoto, hata muuzaji akiwataja babu zake wote.

Lakini yule mzee wa Kibaoni anajua mengi juu ya pofu. Zungumzeni darasani: nani amwulize, na akisema, nani aandike?