Selimundu haiumizi mifupa peke yake

Makadara ninayoishi si ile ya Mombasa, ni hii ya Nairobi, yenye Jericho, Hamza na Maringo. Mpwa wangu alikuja kukaa nami kutoka Kilifi ili asome chuo. Ana selimundu, na ameniruhusu niandike haya.

Ugonjwa huu ni wetu sana. Katika Kenya umeenea zaidi Pwani na upande wa Ziwa Victoria, kwa sababu ya malaria: aliyerithi jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni hiyo imedumu. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. (Kwa hivyo wanaomlaumu mama peke yake waache. Baba naye ametoa yake.) Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na maumivu yakaanza.

Maumivu hayo hayapigi hodi. Binti hulala mzima, saa tisa za usiku akanigongea mlango. Baridi ya Julai huku ndiyo adui mkubwa. Kila mtihani, kila arusi, hata Idi, kwake ni "nikiamka mzima".

Mwaka jana alianza kujifungia chumbani. Hali, halali, simu hashiki. Mimi nikasema ni upungufu wa damu. Hapo ndipo wengi tunapokosea, maana uchovu na kukosa hamu ya chakula ni dalili za selimundu na za sonona pia. Lazima uulize mengine: je, bado anafurahia aliyoyapenda? Anajilaumu? Amewahi kutamani asiwepo? Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo.

Nilipouliza, alinijibu, "Mjomba, tangu usiku ule wa hospitali mimi huumwa kimyakimya."

Usiku ule aliitaja kwa jina dawa ya maumivu inayomfaa. Muuguzi akanivuta kando kuniuliza kama ni mraibu, naye akasikia. Mtu aliyeumwa tangu utotoni hujua dawa yake kama mvuvi ajuavyo upepo! Tangu hapo alikuwa akificha maumivu hadi yamzidi.

Wenzetu wenye sistiki faibrosisi, ugonjwa mwingine wa kurithi unaoshambulia mapafu, walitolewa mwongozo na wataalamu wa Marekani na Ulaya mwaka 2016: kila mwaka mgonjwa kuanzia miaka 12 aulizwe kuhusu sonona na wasiwasi, na mzazi anayemlea pia. Sioni kwa nini selimundu isiwe hivyo. Ni maswali machache tu kwenye karatasi. Tena Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba, kwa hivyo hofu ya polisi isimzibe mtu mdomo.

Sasa anatumia haidroksiyurea, inayopunguza vipindi vya maumivu, na anaonana na mshauri nasaha. Daktari wake ametuandikia barua yenye jina la dawa na kipimo chake. Nakala moja iko kwenye mkoba wake, nyingine kwenye simu yangu.